Rimu Mpya za Kithaka

Kithaka wa Siakago hubeba maiti. Hakuitafuta kazi hiyo. Alinunua kigari kidogo cha mizigo ili apeleke ndengu na maembe Embu, lakini jirani mmoja alifiwa, gari la kubebea jeneza likakosekana, na Kithaka, ambaye hajui kukataa, akasaidia. Alisaidia vizuri mno. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kwa ajili ya ndengu.

Hakulalamika mpaka binti yake Kaari alipopata mchumba. Hapo alitaka jambo moja tu: ampeleke kanisani yeye mwenyewe, kwa gari lake. Lakini kamati ya harusi iliongozwa na dada yake, Lydiah, mzee wa kanisa.

"Ndugu yangu, sisi ni watu wa Mungu, hatuamini mikosi," Lydiah alimwambia. "Lakini gari hilo halitabeba bibi harusi."

"Kwa nini?"

Lydiah akatafuta jibu. "Ni magurudumu. Yana kutu. Yatatuaibisha."

Alisema hivyo ili mambo yaishe kwa amani. Bahati mbaya Kithaka ni mtu wa kuamini anachoambiwa. Kesho yake mimi, rafiki yake, nilikuwa naye Embu kwa Bundi, anayeuza rimu za magurudumu za mtumba kando ya barabara. Kithaka akachagua zilizong'aa kuliko zote.

"Hizo zina matundu matano, mzee," Bundi akasema. "Gari lako ni nati nne. Hata pasta akiziombea, haziingii."

Zikapatikana nyingine za matundu manne. Ziliingia na kukazwa, ila zilikuwa pana, zikatokeza nje ya bodi. Kithaka alilizunguka gari akitabasamu. Bundi hakutabasamu.

"Gari tupu hudanganya. Lazima tulijaribu na mzigo. Nyinyi akina mama hapo! Njooni muingie nyuma, dakika moja tu."

Wauza ndizi wakalitazama gari, wakalitambua.

"Mimi hilo nitaliingia mara moja tu," mmoja akasema, "na si leo."

"Kwani wewe hujaokoka, Mama Muriithi?" mwenzake akamchokoza.

"Nimeokoka. Lakini sina haraka."

Ikabidi tuazime magunia ya mahindi dukani. Gari lilipoketi chini, tairi za nyuma zikakwaruza bodi katika kila kona, zikilia kama mbuzi. Bundi akazing'oa. Akaingia stoo, akatoka na rimu nyembamba zisizo na mbwembwe. Nati ziliingia, tundu la katikati likakaa sawasawa, na kwa nyuma palikuwa pameandikwa uzito zinaoweza kubeba.

"Hizi ni za gari la mizigo," akasema. "Hazitakupa sifa, lakini hazitakuua."

Kithaka alizisugua mpaka ukaweza kunyoa ndevu ukijitazama ndani yake. Kisha akampelekea dada yake gari alione. Lydiah akalizunguka mara mbili akitafuta kutu, kwa maana sababu yake ilikuwa imekwisha.

"Ni nzuri," akasema mwishowe. "Zitabeba viti."

Siku ya harusi, Kaari alipanda gari jeupe la kukodi lililopambwa maua. Kithaka alifuata nyuma na viti, nami kando yake. Tulipofika Gachoka tukakuta siku ya soko. Gari jeupe lilipiga honi, na watu badala ya kupisha wakapiga vigelegele na kusogea karibu wamwone bibi harusi. Likazingirwa kabisa. Pasta alikuwa na harusi nyingine baada ya yetu, na hangoji mtu.

Lydiah akaja mbio, viatu mkononi. "Kithaka, pita mbele utufungulie njia! Wewe watakupisha."

Kithaka akatoa kichwa dirishani. "Watu humpisha mtu, dada. Hawapishi viti."

Kabla Lydiah hajaamua, Kaari alikuwa ameshashuka kwenye gari jeupe akaja kwetu, gauni limekunjwa mkononi. Nikamwachia nafasi yangu mbele, nikajibana nyuma kati ya viti, mahali ambapo sikutaka kupafikiria sana.

Kithaka akawasha taa, akaenda kwa mwendo ule wake wa mazishi. Bodaboda zikazima injini. Mikokoteni ikavutwa kando. Akina mama wakatua vikapu, wanaume wakavua kofia, na soko lote likanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyeangalia rimu, waliinamisha vichwa.

Kaari akasahau yuko ndani ya gari gani, akawapungia mkono kutoka ndani ya shela yake. Mzee mmoja akaangusha kofia yake chini na kurudi nyuma hatua mbili.

"Baba," Kaari akasema akizuia kicheko, "nenda polepole zaidi."

"Tumechelewa, mama."

"Wacha wangoje."

Kithaka akapunguza gia.