Mgagani wangu umeniletea polisi

Leo nimeitiwa polisi kwa sababu ya mboga.

Mgagani mnaujua: majani matano kama vidole, harufu kali. Nimeupanda kwenye ndoo hapa nje ya mlango, mtaa wa Gulfton, Houston, kwa maganda ya ndizi bila mbolea ya duka. Jirani akauona, akasema ni bangi, akawapigia simu.

Polisi mmoja akaja, akaniambia niung'oe.

"Siung'oi, afande. Nusa kwanza."

Nikasugua jani. Nikakumbuka sayansi ya darasa la nane, nikamweleza kwamba harufu imo kwenye mafuta ya jani, na kila mmea una yake. Akanusa, akakunja uso.

"Hii si bangi. Na mnaila kweli?"

"Na maziwa. Tamu sana."

Akacheka, akageuka aende zake. Hapo msichana wangu wa miaka minne akatoka jikoni akivuta kiti.

"Mama, mgeni anaenda bila kukaa?"

Jamani! Tangu tuhamie hapa mwezi wa pili, huyo ndiye wa kwanza kubisha mlango wetu.

Afande ameondoka, lakini kiti bado kiko mlangoni. Mtoto amekataa kirudishwe.

Mlio Houston, mboga iko jikoni. Msipige simu, njooni tu.