Niliomba uvimbe uwe kichwani, mama akaukemea

Wakuu, salaam. Niko Mtongwe, Likoni. Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini apite kimya kimya.

Mwaka mmoja baada ya harusi nilinenepa uso na tumbo, miguu ikabaki vijiti. Kazini wakasema ndoa imenikubali. Mke wangu Riziki akamiminiwa sifa za mapishi, akazipokea zote.

Kumbe wali wa nazi unasingiziwa. Presha ilipanda, ngozi ikawa inavilia damu nikiguswa tu, ngazi moja napumzika mara mbili.

Vipimo vikaonyesha homoni ya cortisol imezidi. Daktari akasema kuna kauvimbe mahali kanaichochea. Kakiwa kwenye tezi ya pituitary, chini ya ubongo, kanatolewa kupitia puani. Kakiwa kwingine, labda kifuani, tuanze kukasaka upya, na mwili wangu haukuwa na muda huo.

MRI ya kichwa haikuona kitu, ila kakiwa kadogo sana hukwepa picha.

Ikabaki kipimo kimoja, Nairobi. Wanapitisha mirija myembamba kutoka kinenani hadi kwenye mishipa iliyo karibu na tezi, kulia na kushoto. Wanachota damu huko na ya mkononi kwa wakati mmoja, wanalinganisha kichocheo cha hiyo cortisol. Cha juu kikizidi sana, mhalifu yuko kichwani.

Basi nikaiomba fellowship yetu ya maombi: niombeeni uvimbe uwe kichwani.

Mama yangu akasimama.

"Kichwani? Kwa mwanangu? Ushindwe!"

Wakaukemea wote, saa nzima, mikono juu ya utosi wangu. Uvimbe ukafukuzwa kutoka mahali pekee nilipoutaka. Nikaitikia amina, ningefanyaje?

Siku ya kipimo nilikuwa macho mezani. Mirija sikuiogopa. Niliogopa maombi yamejibiwa.

Majibu yakatoka: ni kichwani. Nikalia mbele ya daktari bila aibu. Nikampigia mama.

"Mama, umo kichwani!"

Akaangua kilio. "Tumekosea wapi, mwanangu?"

"Hamjakosea, mama. Mungu hakuwasikia mara hii tu, na ndiyo pona yangu."

Nilichojifunza: mtu akinenepa uso na tumbo huku presha inapanda, msimpongeze mkewe. Mpelekeni akapime.

Operesheni ni Jumatatu. Fellowship wameniuliza waombe nini, nimewaandikia kwenye karatasi.

Wakuu, kuna aliyewahi kutolewa kitu kupitia puani? Aniambie ukweli, naogopa.