Hapana ya Kwanza

Mama yangu hakuacha picha hata moja. Alifariki wakati wa vita, mimi nikiwa mbali, na nyumba yake kando ya Ziwa Tanganyika ilichomwa pamoja na kila kilichokuwamo. Tangu hapo nimemshukuru Mungu kwa mengi: kwa njia iliyonifikisha Johannesburg, kwa chumba cha kwanza nilichopanga hapa Bellevue, kwa mke aliyenivumilia mpaka alipoitwa, kwa binti tuliyempata tukiwa tumeshaacha kumtarajia. Lakini uso wa mama umenitoka kidogo kidogo, na sauti yake ilitangulia kutoka. Watu hudhani sauti hudumu kuliko sura. Kwangu haikuwa hivyo.

Vijana ninaowafundisha dini kabla ya kipaimara huniuliza nilikwenda kufanya nini Ujerumani. Huwa nawaeleza habari za makanisa na milima, nao hutosheka. Sijawahi kuwaeleza hii.

Binti yangu anafanya kazi benki. Ofisi yake ilimtuma mkutanoni Munich, naye akaamua kunichukua, akisema amechoka kunisikia nikimtaja yule muuguzi kila Krismasi. Muuguzi huyo ni Mjerumani. Alikuja kwetu akiwa bado msichana, akafanya kazi kwenye zahanati ya misheni, na mama yangu akawa msaidizi wake katika wodi ya wazazi. Mama alichemsha maji, alifua mashuka, na aliwaimbia wanawake waliokuwa katika uchungu, maana alisema mwanamke akisikia wimbo hupumua vizuri. Padri mmoja wa parokia yetu, aliyewahi kusoma Bavaria, ndiye aliyetuambia kwamba muuguzi yule bado yu hai, na kwamba amerudi kuishi katika mji mdogo aliozaliwa, kando ya mto.

Tulipanda treni kutoka Munich asubuhi ya Jumamosi. Mji wenyewe ni barabara moja pana yenye nyumba zilizobanana, moja ya manjano, nyingine ya kijani, nyingine rangi ya waridi, na nyuma yake vichochoro vinavyoteremka mtoni. Sisi wa Johannesburg hatuna mto wa kujivunia. Ule ulikuwa mpana, wa kijani kama chupa, unakwenda mbio bila kelele, na ubaridi wake uliufikia uso wangu nikiwa bado darajani. Kwenye ukuta wa lango la mji wamechora mistari ya kuonyesha maji yalipofika kila mto ulipofurika. Mmoja ulikuwa juu ya kichwa changu.

Watu wa huko wakipishana, hata wasiojuana, husalimiana kwa kumtaja Mungu. Binti yangu alinifasiria kuwa ni kama kusema Mungu akusalimu. Nilifurahi sana. Nikawa nasimama kwa kila mtu, navua kofia, naitikia kwa Kiswahili na kuuliza habari za nyumbani, nao wananitazama na kutabasamu huku miguu yao inaendelea.

“Baba, hawasimami,” alisema binti yangu. “Wanapita tu.”

“Mtu amekutajia Mungu, utapitaje?”

“Kwa miguu, Baba. Twende, muuguzi wako anatungoja.”

Alikuwa anatungoja sokoni, amekaa kwenye benchi na fimbo yake, kapu magotini. Nilimjua kabla hajageuka. Alipozungumza nilistaajabu, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizima, kile cha misheni ya zamani, chenye maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utoto wangu.

“Karibu, mwanangu,” alisema. “Mbona umezeeka kuliko mimi?”

Akamgeukia binti yangu, akamwambia kwamba siku ya sindano nilikuwa nikijificha chini ya vitanda vya wazazi, na mama yangu ndiye aliyekuwa akinivuta kwa mguu. Binti yangu alicheka mpaka akaketi. Nami niliona raha, maana kwa miaka mingi hakuna mtu aliyebaki wa kunitania kwa utoto wangu.

Pale sokoni niliokota nyanya, nikaibonyeza kidogo, kama ninavyofanya soko la Yeoville, kwetu Johannesburg. Mwenye meza akasema neno kwa ukali. Muuguzi akanishika mkono, akanieleza kuwa huku hawagusi. Unaonyesha kwa kidole, wanakuchagulia wao. Nikasema kwetu anayenunua bila kugusa ndiye wa kuchekwa.

“Najua,” alisema. “Mama yako aliwahi kunirudisha sokoni na nyanya zangu. Alisema nimeuziwa chakula cha kuku.”

Sikuwa najua habari hiyo. Nilitembea nayo mpaka nyumbani kwake, kana kwamba nimepewa kitu cha kubeba.

Nyumba ilikuwa karibu na maji, nyembamba, imejaa maboksi. Alituambia kwamba wiki iliyofuata angehamia kwenye nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, juu kilimani, na kwamba Jumanne watu wangekuja na lori kuondoa vyote visivyoingia katika chumba kimoja. Hakulalamika. Alituketisha jikoni, chini ya msalaba uliochomekwa tawi kavu la Jumapili ya Matawi, akatukatia keki ya plamu. Nilipomaliza kipande changu aliniuliza kama niongezwe. Nikasema hapana, nashukuru. Akaondoa sahani, akaifunika keki. Nilishangaa kidogo, kwa kuwa bado nilikuwa na njaa, lakini nikadhani labda amewawekea wageni wengine.

Tulizungumza juu ya wafu wetu. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, huku akipangusa makombo:

“Nina kinasa sauti changu cha zamani darini, na kanda. Katika moja yumo mama yako, anaimba wodini. Unataka kumsikia?”

Binti yangu aliweka kikombe chini. Yeye ndiye aliyepewa jina la mama yangu, na hajawahi kuona wala kusikia chochote cha bibi yake.

Nami nikasema, “Hapana, mama, usijisumbue.”

Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyelelewa hivyo. Kwetu hapana ya kwanza si jibu. Ni heshima. Mwenyeji anakukaribisha, unakataa ili asione umekuja kwa njaa. Anakukaribisha tena, unalegea. Mara ya tatu unapokea, na wote wawili mmepata haki yenu. Isitoshe, niliiona ngazi ya darini. Ilikuwa imesimama wima, naye alikuwa na fimbo. Nilitaka aniambie si kitu, nipande mimi, au ampandishe binti yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta kiti nyuma.

Aliacha kupangusa makombo. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

“Naelewa,” alisema.

Akaanza kutusimulia mto ulivyowahi kuingia jikoni humo.

Nilikaa nikingoja. Kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kizima, niliamini na adabu zake ni zilezile za kwetu. Mwanamke huyu aliwahi kuketi katika nyumba za watu wetu, amekataa ugali mara mbili na kuula mara ya tatu, nimemwona kwa macho yangu. Nilijua atauliza tena. Nikamsaidia. Nikauliza kama darini hakuvuji. Akasema hakuvuji. Nikauliza wodini waliimba nyimbo zipi, akazitaja, akasema zilikuwa nzuri sana, akanimiminia kahawa. Mchana ulipita hivyo, kanda iko juu ya vichwa vyetu, nami nimekaa chini yake nikijibu maswali juu ya bei ya nyumba Johannesburg.

Jioni alitusindikiza kituoni. Alinichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, jinsi wazee wa huko wanavyowaaga watoto. Hata wakati huo nilikuwa bado nategea sikio.

Treni ilipoondoka binti yangu alikaa akitazama dirishani. Yeye hunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa Johannesburg, ila husikia kila neno langu.

“Nilitaka kumsikia Bibi,” alisema.

“Hata mimi.”

Akageuka. “Lakini ulikataa.”

“Ile haikuwa kukataa. Nilikuwa nangoja aulize tena.”

“Baba, ulisema hapana. Nilidhani huwezi kustahimili, nikanyamaza ili nisikuumize. Mimi ni mtoto wako, na mimi mwenyewe nilisikia hapana.”

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuliko sala fulani. Nilimfundisha binti yangu rozari, nilimfundisha kumpokea mgeni kwa mikono miwili, nikidhani hayo mengine huja pamoja na maziwa ya mama. Hayakuja. Amekaa mezani kwangu maisha yake yote, na kila niliposema nimeshiba aliamini nimeshiba.

Ndege yetu ilikuwa ya Jumapili jioni. Alisema tunaweza kurudi asubuhi, treni zipo, tumweleze muuguzi kwa maneno machache. Nikamwambia hapana, ni siku ya Bwana, tusimsumbue mzee anayehama, tutampigia simu tukifika nyumbani. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka anisihi. Alinitazama kidogo, akasema sawa, kisha akafumba macho, na tayari nilikuwa nimefanya jambo lilelile, kwa mtu ambaye alikuwa ametoka kunieleza.

Tulipiga simu katikati ya wiki, tukiamini kwamba kanda angehama nazo, kutoka nyumbani kwa binti yangu Kensington, hapahapa Johannesburg, akiwa ameweka spika. Yeye ndiye aliyesema, kwa kuwa mimi sikuweza. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema lori lilikuja Jumanne, kama alivyotuambia. Zile kanda alikuwa ameziweka kando, zinisubiri mimi, mtoto wa rafiki yake. Niliposema hapana alidhani uchungu bado mzito, akaona si vizuri ziendelee kukaa, akazirudisha pamoja na vitu vya kuondolewa.

“Kule kwenu ningekuuliza mara ya pili na ya tatu,” alisema. “Nilikuwa najua, mwanangu. Nimerudi hapa siku nyingi. Nimesahau.”

Nilimwambia asijilaumu, kosa halipo. Nadhani nilisema kweli. Yeye alinipa kwa adabu ya kwao, nami nikakataa kwa adabu ya kwetu, na kila mmoja alikuwa amelelewa vizuri. Binti yangu aliwatafuta wale watu wa lori kwa simu, kwa Kiingereza na kwa subira ambayo hakika hakuirithi kwangu. Wakamjibu kuwa vitu vya nyumba ile vimekwisha kuteketezwa.

Kila asubuhi naamka kabla majirani hawajaanza kugombania bafu, napiga magoti, namwomba Mungu waziwazi kila ninachohitaji, hata vitu vidogo, hata goti langu lisiume kwenye ngazi za kanisa. Kwake sijawahi kusema usijisumbue. Nawafundisha vijana hivyohivyo, kwamba mbele za Mungu hakuna haya. Niliyafundisha hayo miaka yote, kisha mwanamke mzee akaniuliza swali jepesi mezani kwake, na mdomo wangu ukajibu kwa kitu ambacho sijui kama ni unyenyekevu au ni kiburi kilichovaa nguo zake. Namwachia Yeye ahukumu. Anajua kwamba nilitaka.

Muuguzi sasa yuko kwa masista. Jumapili kadhaa, baada ya misa, binti yangu hunipigia namba yake. Mwezi uliopita nilimwomba anieleze ile kanda, kila anachokumbuka. Safari hii niliomba mwenyewe. Alifurahi. Alisema aliisikiliza mara nyingi katika miaka yake ya kwanza ya kurudi, alipokuwa na upweke. Mwanzoni kuna vyombo vinagongana. Kisha mama anaimba, si kwa nguvu, na mwanamke mmoja anapumua naye. Katikati ya wimbo mlango unabamizwa, naye anaacha kuimba na kumkaripia mtu.

“Anasema, ‘Funga polepole, wewe, kuna mtu anazaliwa humu,’” alisema muuguzi. “Halafu anaendelea palepale alipoachia.”

Aliyasema hayo kwa kujaribu kuiga, akashusha sauti mwishoni, akavuta lile neno wewe. Nilimwomba arudie, akarudia, kisha akarudia tena bila kuombwa. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayetafuta kitu kidogo majini. Nilimsikia mwanamke wa Kijerumani, mwenye umri mkubwa, pumzi fupi, anayetaka sana kunipa kitu.

Nikamshukuru. Tukaagana.

Binti yangu alizima simu, akabaki ameishika.

“Ndivyo alivyokuwa anasema Bibi?” aliniuliza. “Hivyo, kwa kuvuta?”

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, kwa kuwa alikuwa ananitazama kama mtu anayenyoosha mikono miwili. Nilitamani kusema ndiyo. Nikamwambia sijui.