Unyevu wa Siku Tatu za Mwisho

Chumba cha mashine kilikuwa na harufu ambayo hadi leo siwezi kuikosea: sifongo lililolowa, mbao zilizopata joto, na mayai ya bata, ambayo hunuka matope hata uyapanguse namna gani. Chumba chenyewe kilikuwa ghala la mahindi nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Kibwezi, na mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja hakikuwa na mahindi hata debe moja, maana mvua ilikuwa imetupita misimu miwili mfululizo. Mama alimwita fundi akamtengenezea sanduku la mbao lenye balbu nne, feni ndogo na kidirisha cha kioo mbele, akalijaza mayai. Tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama mzazi. Wanawake wenzake wa kanisani walifuga kuku. Yeye alisema kuku kila mtu anao, na hoteli za barabara ya Mombasa zilikuwa zimeanza kuulizia bata.

Yai la bata si yai la kuku, alitufundisha. Hukaa kwenye joto siku ishirini na nane, na muda huo wote linahitaji maji ambayo hayaligusi, maji yaliyo hewani. Ndani ya sanduku kulikuwa na sahani ya maji yenye sifongo, na ukutani kipimo cha unyevu chenye mshale mwekundu. Kwa siku ishirini na tano za kwanza mshale ulitakiwa kusimama kwenye hamsini na tano. Ukizidi, kifaranga huzama ndani ya ganda lake mwenyewe. Siku tatu za mwisho ulitakiwa kupanda hadi sabini, na hapo kifuniko hakifunguliwi kwa sababu yoyote, maana hewa kavu ikiingia utando ulio chini ya ganda hukauka kama karatasi na kumfunga kifaranga asiweze kugeuka. Kila jioni Mwaitu aliyanyunyizia mayai maji ya vuguvugu, akayaacha yapoe kidogo, kama bata jike anavyotoka mtoni na kurudi kwenye kiota akiwa na manyoya mabichi. Aliyageuza moja moja kwa ncha za vidole. Nilikuwa nikisimama mlangoni kuitazama mikono ile, na ninakiri kwamba niliyaonea mayai wivu.

Kwa sababu mikono hiyohiyo ilitupiga. Sizungumzii kofi la hapa na pale, ambalo kila mtoto wa rika langu amelionja. Mwaitu alipiga kwa mwiko, kwa waya wa pasi, kwa kiatu, kwa chochote kilichokuwa karibu, na akianza alikuwa kama mtu anayeteremka mlima mkali, hawezi kusimama hata akitaka. Baba alikuwa amehamia mji wa Mwingi kwa mwanamke mwingine, na sisi wawili, mimi na dada yangu Mumbua, tulikuwa na pua yake na macho yake. Majirani walisikia. Wengi walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, wakaendelea na shughuli zao. Mumbua alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kumpita mama, na alikuwa amejifunza kupigwa bila kutoa sauti. Hilo lilimkasirisha Mwaitu zaidi. Mimi nililia mapema na kwa nguvu, nikapona haraka. Mara nyingi Mumbua alisema kosa ni lake hata lilipokuwa langu.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa Jumamosi, na Mwaitu alilazimika kwenda kwenye mazishi ya binamu yake huko Mutomo. Aliondoka alfajiri baada ya kunionyesha tena mrija mwembamba uliopenya kwenye tundu la sanduku mpaka kwenye sahani. Nikiona mshale unashuka, nimimine maji ya moto kidogo kwenye mrija, lakini kifuniko nisikiguse. Aliniambia mara tatu. Mumbua alikuwa akivuna bamia kwenye shamba la watu, kwa hivyo kazi ilikuwa yangu peke yangu.

Ilikuwa miezi ya upepo mkavu, ule unaopasua midomo na kuacha vumbi jekundu kwenye meno. Kufika saa nne, maji ya mtungi yalikuwa yamekwisha na bomba lilitoa hewa tu. Nikachukua mtungi nikaenda kwenye mfereji wa mashamba. Huko niliwakuta wasichana wenzangu wa darasa letu wakioga. Nilisema nitakaa kidogo, na sijui nilikaa saa ngapi. Niliporudi, mshale ulikuwa chini ya arobaini, na kupitia kioo niliona karibu kila yai limetobolewa kitundu kidogo. Ndani ya kila kitundu mdomo ulikuwa ukifunguka na kufumbika, na sauti zao zilikuwa zinapungua.

Nilimimina maji kwenye mrija. Mshale haukusogea. Basi nikafanya nililokatazwa: nikafungua kifuniko, nikayafunika mayai kwa vitambaa vilivyolowa. Utando ulikuwa umekuwa wa rangi ya kahawia, mgumu, umegandamana na manyoya. Nikachukua yai moja nikaanza kulibambua kwa kucha. Nilidhani ninasaidia. Mishipa ya damu ilikuwa bado hai chini ya ganda, na damu ikanitiririkia vidoleni, nyekundu na nyingi kuliko nilivyodhani kiumbe mdogo kiasi kile angeweza kuwa nayo. Kifaranga alinyoosha shingo, akafa kiganjani mwangu. Nikachukua la pili. Ningeacha hapo, lakini mtoto akiogopa huongeza kasi, haachi. Nilipomaliza, kulikuwa na vifaranga kumi na wawili wafu kwenye meza, na wale niliowaacha ndani walikuwa wamenyamaza.

Mwaitu aliingia jua likiwa bado juu, amevaa kitenge cha mazishi. Hakupiga kelele. Alitazama meza, akatazama mikono yangu, akaung'oa waya wa pasi ukutani. Nakumbuka mapigo matatu ya kwanza vizuri. Baada ya hapo nakumbuka sakafu, na ladha ya chuma mdomoni. Nilitambaa mpaka uani nikijua watu wa barabarani wataniona, na kweli mwanamume mmoja alisimamisha baiskeli yake, akatazama, akaenda. Waya uliponasa kwenye uzio, Mwaitu aliokota mchi wa kinu. Niliinua mkono wa kushoto kujikinga. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Mumbua alikuwa anaingia uani na kikapu. Alikiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. Akamnyang'anya mama mchi kwa mikono miwili, akampiga nao mdomoni. Mwaitu akakaa chini. Akatema meno mawili kwenye kiganja chake, akayatazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mumbua akauinua mchi mara ya pili, juu kabisa, na nilipouona uso wake niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mama. Nikamshika mguu kwa mkono uliobaki mzima. Alitetemeka kama mashine inayozimwa. Mama Zuhura, jirani yetu kutoka pwani aliyeuza mahamri, aliingia wakati huo, akautwaa mchi kutoka kwake, kisha akavua mtandio wake na kunifungia mkono.

Hospitalini Mwaitu alisema nimeanguka kutoka juu ya mkokoteni wa maji, na kwamba yeye alianguka akinikimbilia. Muuguzi alimtuma nje kushughulikia kadi yangu, akaniinamia na kuniuliza ilikuwaje. Nikasema nimeanguka. Ni Mumbua, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyejibu.

"Mama ndiye alimvunja," alisema. "Na mimi nikampiga mama."

Kesi haikufika polisi. Ilifika kwa wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, walioketi uani kwetu Jumapili iliyofuata. Waliuzungumzia mkono wangu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Muda uliobaki waliyazungumzia meno ya Mwaitu, kwa kuwa mzazi kumpiga mtoto lilikuwa jambo walilolijua, na mtoto kumpiga mzazi ni laana. Waliamua Mumbua apige magoti aombe msamaha.

"Kwanza yeye amwombe mdogo wangu Kasyoka msamaha," Mumbua alisema. "Kisha nitapiga magoti."

Wote wakamgeukia Mwaitu. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso. "Mzazi haombi mtoto msamaha," alisema.

Mumbua aliingia ndani, akatoka na begi lake la shule, akaenda Mutomo kwa shangazi. Hakurudi.

Mwaitu hakunipiga tena kamwe. Watu wa kanisani husema ni maombi, nami huwaacha waseme. Ninajua ni mchi, na tangu utotoni sijajua nifanye nini na kujua huko. Leo ninaishi karibu na mji wa Wote na ninafuga bata. Mashine yangu hujipimia unyevu yenyewe na kujiongezea maji. Mwaitu anaishi nami. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka tisa alifungua mashine siku ya ishirini na saba ili awaonyeshe rafiki zake, tukapoteza nusu ya mayai. Kabla sijafungua kinywa, Mwaitu alimpakata, akamfuta machozi, akamwambia, "Si kitu. Mayai ni mayai." Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaupapasa mkono wangu wa kushoto pale ulipovunjika. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa nimedhani. Nilifurahi kwa ajili ya mwanangu, na papo hapo nilitamani kumtikisa yule mwanamke na kumuuliza upole huu aliuficha wapi.

Wiki hiyo nilimpigia Mumbua simu, nikamsihi aje Desemba. Nilimweleza kuwa mama amebadilika, kuwa watoto wanagombania kulala kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikatai, Kasyoka," alisema. "Huyo ni nyanya ya watoto wako, na naamini ni mtu mzuri. Lakini mama yangu hajawahi kunipigia simu."

Mwaitu alikuwa jikoni, mlango wazi, akikanda unga wa chapati. Alikuwa amesikia, maana sauti ya simu ilikuwa juu. Nikamnyoshea simu. Aliitazama, akasema mikono yake ina unga. Nikamwambia Mumbua asubiri. Mwaitu akaenda kwenye beseni, akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu sana, na Mumbua hakukata.