Bei ya Bati Mlangoni

Mimi si mtu wa kutishika ovyo, lakini tangu duka langu la vifaa vya ujenzi pale Sumbawanga lisajiliwe kwenye kodi ya VAT, nilikuwa roho juu. Bei ya bati nilikuwa nimeiandika kwenye kipande cha boksi mlangoni: elfu ishirini. VAT niliiongeza mteja akishafika kaunta. Sheria inataka bei iandikwe pamoja na kodi, lakini majirani wote walifanya kama mimi, na ningeandika elfu ishirini na tatu na mia sita, nani angeingia? Ila kila mgeni aliyekisoma kile kiboksi mara mbili nilimwona ni mtu wa kodi.

Asubuhi moja akasimama mama mmoja, mkoba kwapani. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba. Hii bei ni pamoja na kodi?"

"Pamoja, mama," nikasema, huku najilaani moyoni, maana faida yangu yote ilikuwa imekwenda na neno hilo.

Akataka bati kumi. Akatoa kitambaa mkobani, akafungua fundo: laki mbili kamili. Hakuwa mtu wa kodi hata kidogo. Alikuwa mkulima kutoka kijiji cha Kate, ameuza ulezi wake.

"Nimezunguka maduka matano, mwanangu," akasema. "Kila nikifika kaunta, bei inapanda. Hapa kwako nimesimama nje muda mrefu. Nilikuwa nakuogopa."