Tuliweka website ya kikundi kwa address mbili, katibu akaitwa mwizi (Kiirua)

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii niliiona na macho yangu na sijaongeza chumvi. Nimeona vijana humu wakibishana kama ni vizuri kuweka website moja kwa address mbili, nikakumbuka Kiirua. Majina nimebadilisha, maana wenyewe wengi wako hai na wana watoto wanaosoma hapa.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini.

Nilikuwa nafanya kazi kwa duka ya kompyuta Meru town, zile za typing, photocopy na email. Internet ilikuwa ya simu. Unapiga, inapiga kelele, ikikubali unashukuru Mungu.

Huko Kiirua, nje ya town, kulikuwa na kikundi cha kina mama wa kusokota wool na kufuma carpet. Chairlady alikuwa Mama Kendi, mama wa sauti. Akikuambia kaa, unakaa. Katibu alikuwa Karimi, mwalimu wa nursery, mpole, Kiingereza chake safi.

Walitaka wateja wa ng'ambo waone carpet zao. Karimi akaja town, akaandika maneno yote, nikascan picha ya kina mama wakiwa wamekaa kwa nyasi na kazi zao, nikaweka kwa server ya bure ya Amerika.

Sasa, hizo server za bure zilikuwa zinalala ovyo. Leo iko, kesho haiko.

Basi baadaye nikachukua maneno yale yale na picha ile ile nikaweka kwa server nyingine, address tofauti. Moja ikilala, nyingine iko macho. Hiyo inaitwa mirror, na kila mtu aliyejua kazi alikuwa anafanya hivyo. Karimi alikuwa ashaenda nyumbani, na sikuona haja ya kumtafuta nimpigie stori za server.

Miezi ikapita. Mama mmoja mzungu mwenye duka ya carpet kwao akafika Kiirua. Akaketi na kina mama, akanywa chai, halafu akauliza kwa upole:

"Nimeona mko vikundi viwili. Nyinyi ni gani?"

Akaweka karatasi mbili mezani, alizokuwa ame-print. Sura zile zile. Chini kabisa, pale printer huandika address, kila karatasi na yake.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Miaka michache kabla, Kiirua hiyo hiyo ilikuwa na kikundi kingine, na treasurer wao akaandikisha kikundi cha briefcase, kile cha karatasi tu, kwa majina ya wenzake. Akala msaada wote, akahamia Nanyuki. Kwa hivyo kina mama walipoona sura zao mahali pawili, hakuna aliyewaza mambo ya server. Waliwaza briefcase.

Na nani alikuwa ameenda town kuandika? Karimi.

Ikaisha hapo. Jioni hiyo walimnyang'anya ufunguo wa store. Jumapili kanisani watu wakahama benchi yake. Wazazi nao wakaanza kuulizana kama mwizi anaweza kuachiwa watoto. Jina lilikuwa limeenda, na kazi ya nursery ilikuwa inafuata.

Mimi nilisikia kutoka kwa mteja. Nikaona ni jambo dogo. Nikafuta copy ya pili, nikatuma ujumbe kwamba ilikuwa yangu, imetoka, mwacheni Karimi.

Eh! Nilikuwa nimemwaga petroli kwa moto.

"Si mnaona wamefuta ushahidi?" Mama Kendi akawaambia. "Kumbe hata huyo wa kompyuta wanakula pamoja!"

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilitaka kuwaachia carpet zao waendelee. Lakini siku ya soko nikainua macho, Mama Kendi huyo mlangoni na wenzake wawili.

"Fungua hiyo kitu. Tuonyeshe mwizi."

Nikarudisha copy wakiona. Nikafungua address ya kwanza, nikafungua ya pili. Nikawaambia, chief akiita mkutano anabandika tangazo kwa office yake na lingine kwa dispensary. Kwani hapo kuna ma-chief wawili?

Hawakucheka.

"Na huyu wa pili, barua zake zinaenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia asome mwenyewe chini ya picha. Akasoma box ya posta. Akarudi kwa ya kwanza, akasoma tena. Ilikuwa box ya kikundi, zote mbili, na ufunguo wa hiyo box ulikuwa kwa mkoba wake. Hata kwa zile karatasi za mzungu ilikuwa imeandikwa, ila hakuna aliyesoma.

Akakaa chini bila kuambiwa.

Wakanibeba nikamweleze Karimi. Tukaenda na sukari, unga na leso mpya. Karimi akatupikia chai, akasikiliza mpaka mwisho. Mama Kendi akaomba msamaha kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Karimi akasema, "Nimewasamehe. Lakini mmelipa nauli mpaka Meru kuuliza kompyuta kama mimi ni mwizi. Kwangu ni hapa tu nyuma ya soko. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza."



Nursery alibaki. Kikundini alikataa kurudi. Mzungu alinunua carpet, wakachagua katibu mwingine, na website ikaendelea kwa address zote mbili bila shida yoyote.

Funzo langu: copy mbili weka, mimi bado naweka. Lakini waambie wenye sura zao mapema, kabla mgeni hajawaletea kwa karatasi.

Na swali ambalo sijapata jibu: ungekuwa Karimi, ungerudi? Uwanja ni wenu, hata wa kunitukana karibuni, nimezoea.