Maikrofoni ya Mama, Posa ya Binti

Saa nane mchana, ukumbi wa harusi pembezoni mwa Hamburg unanukia kitunguu cha pilau. Wahudumu wanatandika vitambaa mezani. Jukwaani amesimama mwanamke wa miaka arobaini na minne, gauni la kijani lililodariziwa mpaka shingoni, raba miguuni, anagonga maikrofoni kwa ukucha.

"Inakwaruza," anamwambia fundi mitambo.

"Shangazi, spika ni mpya hizi."

"Mpya za nani? Za babu yako? Hebu punguza besi huko."

Fundi anacheka, lakini anapunguza. Huyo ndiye Mahjabin Rasuli, mwimbaji kutoka Herat. Waafghani wa Hamburg wakitaka kuozesha, humtafuta yeye kabla hata ya kutafuta mchele.

Leo anaimba harusi ya watu. Kesho wageni watakuja nyumbani kwake kumposa binti yake wa pekee, Tahmina, na salamu zao zimewatangulia: wataoa, mradi mama aache kuimba.

"Imenichoma, sikufichi," anasema, akivuta waya wa maikrofoni. "Watu hawa hawa waliniita niimbe harusi ya mpwa wao. Walicheza mpaka viatu vikawatoka! Leo mimi ndiye aibu?"

Aibu hiyo ni ya zamani. Huko Herat muziki ulikuwa kazi ya koo za vinyozi, na kinyozi hakuwa mtu wa kula naye sinia moja. Mahjabin ni binti wa mfanyabiashara wa mazulia. Alipokuwa msichana, alipiga dufu na kuimba kwenye harusi, upande wa wanawake, na hakuna aliyeona kosa. Kosa lilikuja alipoonekana kwenye televisheni mjini Kabul, akiimba mbele ya wanaume.

"Baba aliniambia, 'Nilizaa binti, sikuzaa kinyozi.' Nikamjibu, 'Basi baba, ndevu zako nitakunyoa bure.' Nilipigwa kofi, nadhani mpaka leo linalia."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Baada ya wimbo ule kulikuja vitisho vya kuuawa. Yeye, mumewe Qasem aliyekuwa mpiga kinanda wake, na Tahmina wa miaka miwili, walitoroka kupitia Iran na Uturuki, sehemu kubwa kwa miguu, mtoto mgongoni.

Qasem alifariki Ujerumani miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo. Ndugu walidhani mjane sasa atatulia.

"Nilikaa eda yangu nikaimaliza," anasema. "Siku ya pili nilikuwa jukwaani. Ningekula nini, pole zao?"

Asubuhi huuza mkate dukani kwa Mwafghani mwenzake, mwisho wa juma huimba. Harusi moja humletea euro mia tisa, anazogawana na wapiga vyombo watatu. Kinachobaki husaidia kodi, na kingine humfikia mama yake Herat, ambako sasa mwanamke amekatazwa kuimba hadharani.

"Mama hunisikiliza kwenye simu, mlango kaukomea, sauti kaipunguza kabisa. Halafu mimi ninyamaze huku, mahali nisipokatazwa? Heri kufa macho kuliko kufa moyo."

Jumapili, wageni wanafika wakiwa watatu. Anayesema ni Anisa, shangazi wa bwana harusi mtarajiwa, mwanamke mwenye ulimi usiopumzika. Ghafur, kaka yake Anisa na baba wa kijana, ni dereva teksi asiyejua maneno mengi. Kijana mwenyewe, Yama, anahesabu maua ya zulia.

Chai imemiminwa, na hakuna anayeigusa. Ndivyo inavyokwenda: waposaji hawanywi mpaka wajibiwe. Sinia la pipi na lozi za sukari liko jikoni, limefunikwa kitambaa cha tarizi. Likitoka, posa imekubaliwa. Lisipotoka, wageni watajua la kufanya.

Jikoni, Tahmina, anayesomea uuguzi, amemshika mama yake mkono.

"Mama, si useme tu ndiyo! Wakishanioa, nani atakufuata?"

"Nidanganye?"

"Nampenda, Mama. Nampenda kweli."

"Najua, mwanangu, na ndiyo maana naogopa." Mahjabin ananyoosha kitambaa cha sinia. "Wakininyamazisha mimi leo, kesho watakwambia uache kazi. Utawajibu nini, na mama yako aliwakubalia?"

Tahmina anamwachia mkono, anageukia dirishani. Mahjabin anarudi sebuleni peke yake, sinia ameliacha.

"Mahjabin jan, mpenzi," Anisa anaanza, sauti imepakwa asali, "sauti yako tunaipenda, Mungu shahidi. Lakini tukiwa na mkwe wa jukwaani, watu watatusema."

"Watu gani, dada? Hao wanaonipigia simu wakitaka kuozesha?"

"Hao wana yao. Wewe utakuwa ndugu yetu. Chagua basi: binti au maikrofoni."

Mahjabin anajikaza.

"Binti ni wangu na sauti ni yangu. Sikutembea milima ile yote ili nije kuchagua kimoja. Mkimtaka Tahmina, mjue mama yake ni mwimbaji, na ataendelea kuwa mwimbaji. Kama hilo ni aibu, mlango sikuufunga kwa ufunguo."

Anisa anajitupia shela begani. "Haya, tumesikia. Twendeni."

Yama anainuka nusu, uso umempauka. Ghafur hainuki. Ananyoosha mkono, anachukua gilasi yake ya chai, anakunywa yote, kisha anairudisha mezani polepole.

"Kaka!" Anisa anapiga kelele. "Unakunywa? Hatujajibiwa!"

"Tumejibiwa. Mimi nimesikia vizuri, sijui wewe."

"Na watu je?"

"Miaka kumi na mitano naendesha teksi, na garini sina wimbo ila wa mama huyu. Nimsikilize barabarani, halafu nimwonee haya nyumbani kwangu? Unafiki gani huo?"

"Sasa mbona hukusema tulipokuwa nyumbani?"

"Nyumbani unanipa nafasi?"

Yama anaidaka gilasi yake, anaibugia kwa pupa mpaka inampalia. Mlangoni Tahmina analia na kucheka kwa pamoja, sinia mikononi. Anisa anakaa tena, taratibu, kama aliyeumwa mgongo ghafla, anaonja chai.

"Imepoa," ananung'unika. Lakini anakunywa.

Harusi itakuwa kiangazi. Kabla yake, Mahjabin anataka kumaliza kurekodi nyimbo nane mpya, azitume Herat simu kwa simu, mwanamke ampe mwanamke.

Na siku ya harusi ya binti yake, nani ataimba?

"Siyo mimi. Siku hiyo mimi ni mama wa bibi harusi, nitakaa kitini nilie kama mama wengine. Wiki inayofuata nina kazi Frankfurt."

Wageni wameondoka. Tahmina anakusanya gilasi, hamtazami mama yake.

"Wangeondoka kweli, Mama?"

"Wangeondoka."

"Na wewe ungeendelea kuimba?"

"Ningeendelea, mwanangu. Na ningelia kila siku."

Tahmina anaziweka gilasi chini, anamkumbatia mama yake.

"Frankfurt," anasema, "nitakupeleka mimi kwa gari."